SOMO: Nusu ya safari katika masomo ya uongozi wa biashara

Chama Kikuu kinapomsomesha mtumishi wake kwa fedha za wanachama, wanachama wana haki ya kupewa hesabu ya fedha hizo kabla masomo hayajamalizika, wala si baada ya cheti kutundikwa ukutani. Mwandishi wa somo hili ni mtumishi wa Chama Kikuu katika idara ya fedha, naye amefika katikati ya masomo ya miaka miwili ya shahada ya pili ya uongozi wa biashara, ile inayotolewa kwa watendaji walio kazini. Mihula miwili imekwisha, miwili imebaki. Nusu ya ada hutoka katika mfuko wa elimu, na nusu nyingine ninakatwa katika mshahara. Bodi imeniagiza nieleze nilichokipata hadi sasa. Nimeona heri nisilete orodha ya alama za mitihani, bali niandike somo ambalo kila katibu aweza kulifanyia kazi ofisini kwake kwa kalamu na daftari.

Swali lililo mbele yetu ni hili: elimu iliyobuniwa kwa ajili ya makampuni yenye wenye hisa ina manufaa gani kwa chama cha wakulima? Kwa kadiri nilivyofika, naona elimu hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hufundisha namna ya kupima mambo: fedha, muda, mzigo, gharama. Hiyo ni yetu kabisa, na tungalipaswa kuwa nayo zamani. Sehemu ya pili husema tunapima kwa ajili ya nani, nayo si yetu. Hapana budi igeuzwe kabla ya kuingizwa mlangoni mwa chama. Hatari ninayoiona ni ya kuzichukua zote mbili kwa pamoja kwa sababu zimefungwa katika kitabu kimoja, au kuzikataa zote mbili kwa sababu hiyo hiyo.

Masomo yenyewe ni ya namna gani

Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilifungua shule yake ya biashara mwaka 1908, ikawa ya kwanza kutoa shahada ya pili ya fani hii. Mwanafunzi wa siku hizo alikuwa mtu wa kukaa darasani kutwa. Mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha mpango wa namna nyingine, yaani mwanafunzi awe mtu mwenye madaraka kazini, asiache kazi yake, na yale anayofundishwa ayapeleke ofisini. Mipango yote ya shahada kwa watendaji, pamoja na huu ninaousoma, imefuata njia hiyo.

Mwaka huo huo wa 1943, katika mji mdogo wa Mondragón, kwenye nchi ya Wabaski kaskazini ya Hispania, padri mmoja kijana aitwaye José María Arizmendiarrieta alifungua shule ya ufundi kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi. Vijana kumi na mmoja wa shule hiyo waliendelea hadi kusoma uhandisi bila ya kuacha kazi zao kiwandani, wakifanya mitihani ya Chuo Kikuu cha Zaragoza. Mwaka 1956 watano kati yao walianzisha kiwanda cha ushirika, wakakiita Ulgor, jina lililotungwa kwa herufi za majina yao wenyewe. Kutoka hapo ukakua muungano wa vyama vya ushirika vya wafanyakazi unaojulikana duniani kote. Nimetaja habari hizi mbili pamoja kwa sababu wenzetu wengine husema kwamba kusoma huku unafanya kazi ni desturi ya wakubwa wa makampuni. Ushirika nao umeifuata njia hiyo kwa miaka ile ile.

Hata kwetu si jambo jipya. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963, na wazee wengi waliotutangulia katika kazi ya ukatibu walisoma kwa njia ya posta, wakiandika majibu yao usiku kwa mwanga wa taa ya chemli. Chuo hicho kilifanywa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Wenzetu wa Kenya walikuwa na shule yao ya ushirika tangu mwaka 1952, nayo ikapewa hati ya chuo kikuu mwaka 2016.

Masomo yangu huwa mara mbili kwa mwezi, tangu Ijumaa mchana hadi Jumapili jioni. Kati ya kikao na kikao kuna kusoma na kuandika, na kazi hiyo hufanyika baada ya saa nne za usiku, maana mchana ni wa Chama Kikuu na jioni ni ya nyumba. Msimu wa kahawa haungoji muhula. Siwezi kusema zaidi juu ya jambo hili, ila kwamba katibu anayefikiri kusoma kwa namna hii na akague kwanza nguvu za mwili wake na subira ya watu wa nyumbani kwake, kisha ndipo aiangalie ada.

Darasani mwalimu hahubiri sana. Hutupa kisa cha shirika fulani lililokuwa katika shida ya kweli, pamoja na hesabu zake, kisha anauliza: ungekuwa wewe ndiwe meneja asubuhi ile, ungefanya nini? Hapo hubishana mganga mkuu wa hospitali, mhandisi wa maji, mkuu wa ghala la kiwanda cha vinywaji, afisa mikopo wa benki, na mimi mtu wa ushirika. Mara nyingi kisa hakina jibu moja. Faida ya ubishi huo ni kwamba mtu hulazimika kutetea neno lake kwa tarakimu. Ukisema "hali ya soko ni mbaya", utaulizwa mbaya kwa shilingi ngapi.

Mkopo hauna usiku

Mafundisho yaliyonigusa zaidi yanahusu mtaji wa kuzungusha. Kila katibu anajua kwamba chama hukopa fedha za kununulia mazao, na kwamba mkopo una riba. Jambo ambalo vitabu vyetu havilionyeshi waziwazi ni siku. Katika hesabu ya mapato na matumizi riba huandikwa mstari mmoja, jumla ya mwaka mzima, nayo husomwa katika mkutano mkuu kama inavyosomwa bei ya shajala: gharama iliyokuja yenyewe, haina mwenyewe. Tulifundishwa kuifungua jumla hiyo na kuuliza: fedha hii ilikaa wapi, kwa siku ngapi, na nani aliyeikalisha?

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme chama cha msingi kinakusanya kilo 80,000 za kahawa ya maganda, nacho huwalipa wanachama malipo ya awali ya shilingi 5,000 kwa kilo. Fedha inayohitajika ni shilingi 400,000,000. Tuseme yote imekopwa benki kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, maana yake asilimia moja kwa mwezi. Kila mwezi unaopita, mkopo huo unakula shilingi 4,000,000. Ikiwa tangu siku wakulima walipolipwa hadi siku fedha ya mauzo ilipoingia benki ilipita miezi minne, riba ni shilingi 16,000,000. Gawanya kwa kilo 80,000: ni shilingi 200 kwa kila kilo. (Katibu makini atasema kwamba mkopo hauchukuliwi wote siku moja wala haulipwi wote siku moja. Ni kweli. Katika hesabu halisi kila fungu huhesabiwa siku zake. Hapa nimerahisisha ili njia ionekane.)

Sasa tuifuate kahawa yenyewe. Miezi minne ni wiki 17 hivi. Tuseme wiki nne imekaa ghalani kwa chama ikingoja lori lijae. Wiki moja imepotea kwa sababu hati ya mzigo ilikosa sahihi ya mmoja wa watia sahihi, naye alikuwa msibani. Wiki sita ilikuwa kwenye foleni ya kiwanda cha kukoboa na katika kupangwa madaraja. Wiki nne ilingoja mnada, na mbili zikaenda katika malipo. Zile wiki za mnada na za malipo hatuna mamlaka nazo. Foleni ya kiwanda tuna sauti kidogo, hasa Chama Kikuu kikiomba zamu mapema kwa niaba ya vyama vyote. Lakini wiki nne za ghalani na ile moja ya sahihi ni zetu wenyewe, hakuna wa kumlaumu.

Chama kikifaulu kupunguza mwezi mmoja tu katika safari hiyo, kitaokoa shilingi 4,000,000, yaani shilingi 50 kwa kila kilo. Mwanachama aliyeleta kilo 400 atapata shilingi 20,000 zaidi. Wala hapana mnunuzi aliyeongeza bei, wala serikali iliyopunguza ushuru, wala mvua iliyonyesha zaidi. Lori limeondoka mapema tu.

Nilipoyaeleza haya kwa mjumbe mmoja wa bodi, mzee ambaye hakupata kukaa darasani kupita darasa la nne, alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mwanangu, kumbe gunia lililolala ghalani linakula, kama ng'ombe asiyekamuliwa." Mwalimu wetu alitumia ubao mzima kusema hayo.

Makatibu wanaweza kuanza kesho. Katika daftari la ghala tunaandika kilo zilizoingia na kilo zilizotoka. Tuongeze safu za tarehe kwa kila shehena: tarehe ya kupokelewa, ya kuondoka ghalani, ya kufika kiwandani, ya kuuzwa, na ya fedha kuingia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lisilo na tarehe hutoa habari nusu. Mwisho wa msimu katibu ataweza kuuambia mkutano mkuu, si kwamba riba ilikuwa kiasi fulani, bali kwamba ghala letu lilitugharimu kiasi hiki na foleni ikatugharimu kiasi kile.

Lori la chama

Katika mikutano ya vyama vya msingi, pendekezo la kununua lori hurudi karibu kila mwaka, na mara nyingi hupigiwa makofi. Hapa nilijifunza hesabu iitwayo ya kusawazisha, yaani kutafuta ni kazi kiasi gani lazima ifanyike kabla chombo hakijaanza kumfaa mwenyewe.

Gharama za lori ni za aina mbili. Kuna zile zinazokuja hata lori likiwa limeegeshwa mwaka mzima chini ya mwembe: uchakavu, bima, leseni, mshahara wa dereva na wa utingo. Kisha kuna zile zinazokuja kila linapotembea: mafuta, matairi, matengenezo, posho ya safari. Tuseme lori limenunuliwa kwa shilingi 90,000,000 na litafanya kazi miaka kumi. Uchakavu ni shilingi 9,000,000 kwa mwaka. Mishahara tuseme ni 9,000,000, na bima na mengineyo 3,000,000. Jumla ya gharama za kukaa ni shilingi 21,000,000 kwa mwaka.

Tuseme sasa kwamba safari moja ya kukodi lori la mtu hugharimu shilingi 300,000, na safari hiyo hiyo kwa lori la chama, kwa mafuta na matairi tu, hugharimu shilingi 160,000. Kila safari chama kinaokoa 140,000. Gawanya 21,000,000 kwa 140,000: ni safari 150. Chini ya safari 150 kwa mwaka, lori la chama ni hasara hata likiwa linang'aa.

Je, chama chetu cha kilo 80,000 kina safari ngapi? Lori la tani kumi litabeba kahawa yote kwa safari nane. Ongeza mbolea, dawa na vifaa vya ujenzi wa ghala, tuseme safari kumi na mbili. Jumla 20. Basi chama hicho peke yake hakina haja ya lori, kina haja ya sehemu ya lori. Vyama vinane vya namna hiyo vikikutana vina safari 160, na hapo ndipo lori linapoanza kulipa, tena kwa safari kumi tu juu ya mpaka. Na iwapo mazao ya vyama viwili tu kati yake yataharibika kwa ukame, lori linarudi katika hasara.

Nimeshangaa kuona kwamba hesabu hii ya makampuni imenieleza, kuliko hotuba nyingi nilizozisikia, kwa nini wazee wetu waliunda Vyama Vikuu. Kuna mambo ambayo mpaka wake wa kusawazisha ni mrefu kuliko mikono ya chama kimoja. Kuna mengine ambayo chama kimoja chaweza kuyafanya vizuri na kwa bei ndogo, na Chama Kikuu hakina sababu ya kuyashika. Mzani wa kupimia kahawa hauhitaji safari 150. Tungepitisha kila shughuli ya Chama Kikuu katika hesabu hii, nadhani tungeona chache ambazo zingefaa zirudishwe kwa vyama vya msingi, na nasema hivyo nikijua kwamba idara yangu mwenyewe ina mojawapo.

Mwenye chama ni nani

Sasa nije kwenye sehemu ile ambayo si yetu. Karibu kila kitabu tunachosoma huanza kwa kudhani kwamba mwenye shirika ni mmoja, anayeliuzia mali ghafi ni mwingine, na mteja ni mwingine tena. Kazi ya meneja ni kumwongezea mwenye hisa thamani ya hisa zake. Akinunua mali ghafi kwa bei ndogo zaidi, faida imeongezeka naye amesifiwa.

Tuiweke hesabu hiyo katika chama chetu cha kilo 80,000. Meneja badala ya kulipa shilingi 5,000 analipa 4,800. Mwisho wa mwaka mizania inaonyesha ziada ya shilingi 16,000,000, na kwa vipimo vya darasani meneja huyo amefanya kazi njema. Lakini ziada hiyo imetoka wapi? Imetoka mfukoni mwa yule yule ambaye ndiye mwenye chama. Amechukuliwa shilingi 200 za kila kilo kwa mkono wa kushoto, naye anaambiwa ashangilie kwa kuwa ziko katika mkono wa kulia. Tena fedha hizo zikirudi kwake zitarudi baada ya miezi mingi, na mwanawe alifukuzwa shule mwezi wa kwanza kwa kukosa michango.

Nililisema jambo hili darasani. Mkuu wa ghala wa kile kiwanda cha vinywaji akaniuliza kama ushirika basi haupaswi kuwa na ziada kamwe. Swali lake ni zuri na halifai kupuuzwa, maana wako wenzetu wanaodhani hivyo. Wale wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwezi Desemba 1844, hawakuuza vitu kwa bei ya kutupa. Waliuza kwa bei ya soko, wakaweka hesabu, kisha ziada wakairudisha kwa wanachama kwa kadiri kila mmoja alivyonunua, na baadaye wakatenga asilimia 2.5 ya ziada kwa ajili ya elimu. Ziada inatakiwa kwa akiba, kwa mashine zitakazochakaa, na kwa mwaka wa njaa. Ila mwanachama aijue ni yake, aelezwe imewekwa kwa kazi gani, na aambiwe itarudi lini.

Kwa hiyo kipimo ambacho ningependa kiandikwe mstari wa kwanza katika taarifa ya kila chama ni hiki: katika kila shilingi 100 zilizopatikana mnadani, mwanachama alishika mkononi ngapi, na zilimfikia baada ya siku ngapi? Tarakimu mbili tu. Vitabu vya darasani havina kipimo hiki, ingawa kila chombo cha kukipatia kimo ndani yake. Nimeandika pendekezo kwamba kazi yangu ya mwisho, ile ya kutahiniwa shahada, iwe ni kuzikokotoa tarakimu hizo mbili kwa vyama wanachama wetu kwa misimu mitatu, na mwalimu wangu amelikubali.

Faili la benki

Yule afisa mikopo hukaa kiti cha pili kutoka kwangu, na nimejifunza kwake mambo ambayo hayamo katika mtaala. Nilimwuliza faili la chama cha ushirika linapofika mezani kwake hulisoma vipi. Alisema hatazami kwanza kiasi kinachoombwa. Hutazama tarehe ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa. Kama COASCO au mkaguzi mwingine aliyeidhinishwa hajakagua mwaka uliopita, yeye hulifunga faili na kuchukua jingine, kwa sababu hana njia ya kujua kama tarakimu zilizomo ni za kweli. Kisha hutafuta muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha ukomo wa madeni, na kibali cha Mrajis. Barua ndefu inayoeleza umuhimu wa kilimo kwa taifa huisoma mwisho, akipata nafasi. Makatibu tunaitumia siku nzima barua hiyo.

Nisije nikaeleweka vibaya, kana kwamba elimu pekee hukilinda chama. Kile kiwanda cha Ulgor kilikua na kuwa kampuni ya ushirika ya Fagor, ikitengeneza majiko, majokofu na mashine za kufulia. Ilikuwa na wahandisi na mameneja waliosoma kuliko wengi wetu. Mwaka 2005 iliinunua kampuni ya Brandt ya Ufaransa, mzigo wa madeni ukaongezeka, na mwaka 2008 ujenzi wa nyumba nchini Hispania ulipoanguka, wanunuzi wa majokofu nao walipungua. Mwaka 2013 vyama vingine vya Mondragón vilikataa kuendelea kuikopesha, ikafilisika. Wanachama wake wengi walipokewa kazini katika vyama ndugu, na hilo kampuni ya kawaida isingeliweza kulifanya. Lakini riba ilikuwa imewala usiku na mchana kwa miaka, kama inavyolila gunia letu ghalani.

Fedha za ada

Limeulizwa swali, nalo ni la haki: kwa nini fedha za mfuko wa elimu zimsomeshe mtu mmoja, ilhali kuna makatibu ambao hawajahudhuria semina kwa miaka kadhaa? Ada yangu ya muhula mmoja ingetosha kuwakusanya makatibu wa kanda moja kwa siku tano, kuwalisha na kuwapa vitabu.

Maoni yangu, na yachukuliwe kuwa ya mtu mwenye maslahi katika jambo hili, ni kwamba iwapo fedha zinatosha kwa moja tu, semina itangulie. Katibu asiyejua kufunga hesabu za mwezi huiletea jumuiya yetu hasara ambayo shahada ya mtu mmoja makao makuu haiwezi kuifidia. Ila Chama Kikuu nacho hukaa meza moja na benki, wanunuzi na mawakili wenye elimu hii, na mtu asiyeijua lugha yao hutia sahihi asichokielewa. Hapo ndipo ninapoona uhalali wa gharama hii, wala si pengine.

Kwa hiyo nimependekeza kwa bodi masharti mawili kwa nusu iliyobaki. La kwanza, kila muhula unapokwisha, niende katika kanda zote nikafundishe kwa Kiswahili yale yanayofaa chama cha msingi, jioni baada ya kazi za ofisi, bila posho isipokuwa nauli. Nimekwisha kufanya hivyo katika kanda mbili, na nimegundua kwamba jambo nisiloweza kulieleza bila maneno ya kigeni ni jambo ambalo mwenyewe sijalielewa. La pili, mkataba utiwe sahihi kwamba nikiacha kazi kabla ya miaka mitatu tangu kumaliza, nirudishe fedha zote za mfuko. Wapo waliosomeshwa na vyama mbalimbali wakaondoka na shahada kwenda kwenye mshahara mnono. Siwalaumu kwa kutafuta riziki, lakini walioachwa walibaki na stakabadhi za ada tu. Bodi italijadili pendekezo hili katika kikao chake kijacho, na wajumbe kutoka kila chama wanaombwa waje wakiwa wamepata maoni ya wanachama wao.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Chukueni mkopo wa msimu uliopita wa chama chenu. Riba yake ilikuwa shilingi ngapi kwa siku moja, na kwa kila kilo?

2. Katika safari ya mazao yenu kutoka ghalani hadi fedha kuingia benki, ni siku zipi zilizo mikononi mwenu wenyewe? Ni nani katika chama mwenye jukumu la kuzipunguza?

3. Kuna chombo gani ambacho chama chenu kinamiliki, au kinataka kununua, ambacho hakijafanyiwa hesabu ya kusawazisha? Fanyeni hesabu hiyo kwa tarakimu zenu, kisha tazameni kama chama jirani kingependa kushirikiana nanyi.

4. Je, mnaafiki kwamba mfuko wa elimu uendelee kulipa nusu ya ada kwa masharti yaliyotajwa? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, na nakala iletwe Chama Kikuu kabla ya kikao cha makisio.